Mtani Niliyemwitia Mwizi

Sehemu ya Saba

Mlioniacha wiki iliyopita pale stendi ya Singida, kuku wanne mkono mmoja na binti yangu Pendo mkono mwingine, ahsanteni kwa kurudi. Wengine mmenitumia matusi kwenye simu. Nimeyasoma yote, na mengi yananistahili.

Kwa aliyeingia leo, mimi ni Scola, mke wa Urbano, wa Iramba upande wa Shelui. Mwezi wa nne niliingia zizini jioni kuzoa samadi ya kusiriba jiko, nikatoka bila kurudishia tawi la miiba mlangoni. Maksai wetu wawili wa kulimia wakatoka wakaenda zao. Mume wangu alikuwa mnadani Igunga. Aliporudi asubuhi akakuta zizi tupu, akaniuliza, "Jana nani alikuwa hapa?"

Nikajibu, "Marko."

Neno moja tu, tena la kweli. Marko ni mdogo wake Urbano. Alikuja amelewa, akalala, akaondoka alfajiri. Urbano alimfuata kilabuni na mti wa nira, akampiga mbele ya watu mpaka akampasua jicho la kulia. Jicho halikupona. Marko akahamia Kintinku kulima vibarua kwa Wagogo, huku ukoo mzima ukimwita mwizi wa maksai.

Siku ya tatu baada ya jicho, iliita simu ya nyumbani, ninayokaa nayo mimi. Sauti ya kiume, ya Kisukuma, inacheka. "Mtani, maksai zenu ziko kwangu huku mbugani Wembere. Nimezijua kwa chapa. Sizitoi mpaka mniletee jogoo!"

Nikamwambia amekosea namba, nikakata.

Msiniulize kwa nini, nimejiuliza mwenyewe miezi minane. Ningesema ng'ombe wamepatikana, swali la pili lingekuwa nani aliacha zizi wazi, na la tatu lingekuwa jicho. Nilimwogopa Urbano. Nilijipenda kuliko jicho la mtu. Sasa tuendelee.

Likizo ile ya Krismasi ilikuwa kazi ya wifi yangu Editha. Yeye anafanya kazi Dodoma, na watu wa Dodoma wana mambo yao ya kwenda likizo. Alichukua vyumba vitatu kwenye gesti karibu na ziwa Singidani, akatuita wote: Bibi Agripina, aliyewalea wao watatu baada ya wazazi wao kufa, sisi na mtoto wetu, na Marko kutoka Kintinku.

"Wifi, nataka hawa watu wapatane kabla Bibi hajafa," aliniambia kwenye simu. "Wakikaa mahali wote ni wageni, watazungumza tu."

"Sawa, wifi," nikasema. Ningesema nini?

Bibi Agripina ana miaka tisini na ushee na hajawahi kuiona bahari. Pendo, wa miaka tisa, akamdanganya kuwa ndiyo hii. Bibi akachovya kidole majini, akalamba, akatema.

"Chumvi," akasema. "Basi ndiyo yenyewe."

Hakuna aliyembishia. Maji ya Singidani yana chumvi kweli, nani aanze kumweleza ajuza habari za Tanga? Tukamwekea kigoda, miguu ndani ya maji, akakaa hapo kutwa akimtukana kila aliyemrushia matone.

Marko alifika mchana wa siku ile ya kwanza. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Urbano, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Urbano alikuwa anafunga turubai kwenye miti minne ili tupate kivuli. Aliendelea kufunga. Mtu mzima kunyimwa marahaba mbele ya dada yake na mbele ya mtoto! Marko alisubiri, akasubiri, kisha akaenda kukaa juu ya jiwe peke yake.

Siku ya pili Pendo aliteleza kwenye mwamba akaangukia penye kina. Sisi tulikuwa mbali. Marko aliruka na nguo zake, akamtoa, akambeba begani anakohoa maji. Urbano alikuja mbio, akampokonya mtoto, akamtandika Marko ngumi ya pua.

"Usimguse mwanangu kwa mikono yako ya wizi!"

Damu ilimchuruzika mpaka kwenye shati. Marko akaifuta kwa kiganja.

"Baba," Pendo akalia, "baba mdogo ndiye aliyenitoa!"

Ngumi ile ilimwuma Urbano kuliko ilivyomwuma aliyepigwa. Nililala naye kitanda kimoja, najua. Aligeukia ukuta, hakunisemesha mpaka kukacha.

Siku ya tatu, tarehe ishirini na sita, nilichemsha kuku palepale ufukoni. Nikampakulia mume wangu wali na nyama, na juu yake nikaweka firigisi, kama inavyotakiwa kwa mwenye nyumba.

Urbano aliitazama firigisi ile muda mrefu. Akainuka, akaenda kwenye jiwe la Marko, akamwekea sahanini.

"Kula."

"Hiyo ni yako, kaka."

"Nimesema kula."

Marko akala. Alitafuna polepole akitazama ziwa, na machozi yakamtoka macho yote mawili, hata lile lisiloona. Urbano akakaa kando yake. Editha alinifinya paja kwa furaha mpaka nikaumia.

"Umeona, wifi? Umeona?"

Niliona. Na hapohapo nikakata shauri: baada ya chakula nasema. Nitamwita Urbano pembeni nimweleze zizi, nimweleze simu, anipige akitaka, Marko arudi nyumbani mtu safi. Nilikuwa nimeamua, naapa mbele ya Mungu. Nilibakiza kuosha sahani tu.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya kigoda cha Bibi, naosha, niliposikia kicheko nyuma yangu. Nilikijua kabla sijageuka. Nilikisikia mara moja tu, kwenye simu, kikanikaa kichwani miezi minane.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kofia kichwani na fimbo ya kuchungia mkononi. Alikuja mjini kula sikukuu kwa mwanawe. Alimnyatia Bibi, akamziba macho.

"Mke wangu, nani amekuleta huku kwa wanaume wengine?"

Bibi akaipapasa mikono ile, akaanza kucheka. "We Msukuma mchafu! Malongo! Hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani?"

"Niachie ng'ombe zako, wewe nenda!"

Utani wa Wanyiramba na Wasukuma mnaujua, siwafundishi. Mtani anakuja msibani kwako, anavaa koti la marehemu, anakaa kwenye kiti chake na kudai chakula, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Malongo aliishi kijijini kwetu enzi za ujana wake, kabla mimi sijaolewa. Yeye na Bibi walianza kutukanana miaka thelathini iliyopita, na walipendana kwa matusi yale.

"Mbona hata ng'ombe zako ninazo," Malongo akasema. "Maksai wawili, chapa ya mzee ubavuni. Nalimia mpunga wangu sasa hivi."

"Mwongo! Wewe kila kitu unacho. Hata mume wangu alipokufa ulisema umemficha kwako."

Hakuamini. Angeaminije? Mtani husema ameiba hata jua.

"Haki ya Mungu, mke wangu. Nikapiga simu kudai jogoo, akapokea mwanamke, akasema nimekosea namba. Nikasema, hawa Wanyiramba ubahili utawaua, jogoo mmoja tu! Basi, na zikae." Akanigeukia. "Na huyu ni nani?"

"Mke mwenzangu, wa Urbano. Msalimie Msukuma, wewe."

Sahani ilinitoka mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

Malongo alinikazia macho. Tabasamu lilimganda mdomoni, kisha likarudi kubwa zaidi.

"Marahaba! Kumbe ni wewe! Sauti hii naijua. Wewe ndiye uliyesema nimekosea namba!"

Hakusema kwa ubaya. Kwake huo ulikuwa utani mtamu kuliko yote: mke wa mtani ameficha simu ili asitoe jogoo. Hakujua habari ya jicho. Hakujua habari ya Kintinku.

"Urbano yuko wapi? Leo ananipa jogoo wawili, na faini juu!"

Nikatazama kwenye turubai, hatua mia hivi kutoka tulipokuwa. Urbano alikuwa amejilaza chali kwenye mkeka, na Marko amekaa kando yake. Marko alikuwa anasema kitu, Urbano anacheka.

"Baba, ngoja kwanza," nikamwambia Malongo. "Nakuomba, tuongee kidogo mimi na wewe..."

Hakungoja. Alinyakua mkoba wa Bibi uliokuwa kando ya kigoda, akauinua juu ya kichwa, akatoka mbio mchangani kuelekea kwenye turubai.

"Nimeiba!" alipiga yowe. "Nimeiba mali ya Wanyiramba! Mwenye mali anifuate!"

Bibi alikuwa anacheka mpaka anashikilia mbavu.

Hatua mia, zikawa themanini. Akifika atataja maksai, atataja simu, atataja sauti ya mwanamke, na Urbano atainuka pale alipolala kando ya mdogo wake, atanitazama. Lile shauri nililokata wakati wa kula kuku liliniponyoka lote.

Nikasimama nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Mwizi! Mwizi jamani! Mwizi huyoo!"

Hapa mngependa niseme sikujua ninachofanya. Nilijua.

Ufuko ulikuwa umejaa watu wa sikukuu. Vijana waliokuwa wanacheza mpira wakauacha. Mtu anakimbia na mkoba wa mwanamke, tena anasema kwa kinywa chake kuwa ameiba, nani aulize zaidi? Wa kwanza kumfikia alimpiga mtama. Malongo alianguka kifudifudi, bado anacheka. Alidhani na huyo ni mtani.

Teke la kwanza lilimkuta mdomo wazi.

"Jamani!" akasema, meno yamejaa damu. "Ni utani! Mimi mtani!"

"Mtani wa nani, mbwa wewe?"

Jiwe likamkuta begani. Kando ya Singidani mawe hayatafutwi. Mmoja alimpokonya fimbo yake mwenyewe akamchapa nayo mgongoni mpaka ikakatika. Malongo alijaribu kuinuka kwa mkono mmoja, mtu akaukanyaga ule mkono kwa kisigino. Mchoma samaki alifika na nondo aliyokuwa anachochea moto. Kila pigo lilipotua Malongo alisema, "Mtani," kwa sauti inayozidi kupungua.

Kisha nikamwona Urbano. Alikuwa amesikia sauti ya mkewe ikiitia mwizi. Aling'oa mti mmoja wa turubai, turubai lote likaangukia sufuria ya wali, akaja mbio, akapenya watu, akauinua ule mti kwa mikono miwili, akaushusha kichwani.

Mlio wake siwezi kuueleza hapa. Pendo bado anausikia.

Malongo akageuka chali. Kofia ilikuwa imemtoka, na Urbano akamwona uso.

"Malongo?" akasema. Akawageukia watu. "Acheni! Jamani, acheni, huyu tunamfahamu! Ni mtani wetu!"

Nani wa kuacha? Walikuwa watu hamsini na damu imeshawapanda. Mmoja alimsukuma begani. "Kaka, umeanza vizuri. Pisha tumalize."

Kijana wa bodaboda alikuwa anarudi kutoka kwenye pikipiki yake na chupa ya maji iliyojaa petroli.

Sijui Bibi alitoka saa ngapi kwenye kigoda. Alipita chini ya mikono ya watu, akaanguka juu ya Malongo, akamfunika kwa mwili wake mdogo.

"Mwacheni!" alilia. "Mwacheni mume wangu!"

Nondo ilikuwa imeshainuliwa. Ilimshukia Bibi mkononi, na mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo.

Marko alimkuta yule wa petroli njiani. Hakumpiga. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumwona Marko akimpiga mtu. Alimkumbatia tu, akambana mikono, akavumilia vichwa na viwiko usoni mpaka chupa ikadondoka na petroli ikanywewa na mchanga. Editha naye alikuwa anapiga mayowe kwamba wameua bibi kizee, wameua bibi kizee, na hayo ndiyo yaliyowazindua. Mtu akasema, "Polisi hao!" Wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Na mimi nilikuwa wapi? Palepale kando ya kigoda kitupu, nimemziba Pendo macho. Lakini mtoto aliona yote kupitia vidole vyangu.

Bajaji mbili zikaja. Malongo alipakiwa hajitambui, anakoroma, damu inamtoka sikioni. Editha alimshika Bibi kumwingiza kwenye ile nyingine. Bibi akagoma. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, nikamfuata.

"Ulikuwa umekaa na mimi," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulisikia nikicheka."

Nilimvuta Pendo nyuma yangu.

"Mtu anayeibiwa hucheka, Scola?"

Miaka kumi na moja ameniita mke mwenzangu. Siku ile aliniita jina langu. Hakungoja jibu, akaingia na Editha, bajaji ikaondoka.

Askari wawili waliokuja walibaki nasi ufukoni. Wale watu hamsini walikuwa wameyeyuka, wameacha mpira wao na ndala zao. Tulibaki Urbano, shati lote damu na ule mti bado mkononi, na Marko, mdomo umepasuka, na mimi na mtoto.

"Nani alimpiga yule mtu kichwani?" afande mkubwa akauliza. "Nasema mapema. Akifa, hii ni kesi ya mauaji."

Urbano alifungua mdomo. Ndipo Marko alipomsogelea akamtoa ule mti mkononi, taratibu, kama unavyompokea mgeni mzigo.

"Ni mimi, afande."

"Marko!"

"Nyamaza, kaka. Wewe una mtoto." Kisha akashusha sauti. "Mimi ni mwizi tayari. Hakuna atakayeshangaa."

Urbano akanyamaza. Mume wangu, aliyemtoboa mtu jicho kwa ajili ya ng'ombe, alitazama chini akanyamaza. Afande akamfunga Marko pingu, mikono mbele.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Mara ya kwanza nilimwondolea jicho kwa neno moja. Sasa nilikuwa nimesimama naangalia akipelekwa kunyongwa.

"Afande, mwacheni!" nikasema. "Marko hana kosa. Hana la leo wala la maksai!"

Wote wakanigeukia.

Laiti ningeanzia zizini. Mimi ndiye niliyeacha zizi wazi, basi, ingetosha. Lakini mwoga hata anapokiri huanza na yale yasiyomgusa, na mimi nikaanza na Marko.

"Siku ile hakuiba kitu," nikamwambia Urbano. "Hakutoka usiku kucha. Alilala jikoni kwangu. Nilimfunika mwenyewe kwa kitenge changu, na alfajiri nikamwamsha aondoke kabla wewe hujarudi."

Nilimwamsha kwa sababu Urbano alikuwa amempiga marufuku kuja kwetu amelewa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na nikayasikia kama alivyoyasikia yeye.

"Jikoni kwako," Urbano akasema polepole. "Mimi niko Igunga."

"Baba Pendo, sikiliza. Zizi..."

"Kitenge chako."

"Zizi niliacha wazi mimi! Maksai wako kwa Malongo, alinipigia simu, nikasema..."

Alinipiga kofi nikaanguka. "Usimsingizie mtu anayekata roho! Miezi minane huna la kusema, leo amefungwa pingu ndipo umepata mdomo?"

"Kaka, si hivyo," Marko akasema. "Mimi hata sikumbuki nililala wapi..."

Ingekuwa heri angenyamaza. Hata afande mdogo aliguna. Kwao mambo yalikuwa wazi kabisa: mwanamke anamtetea bwana wake.

Urbano akamshika Pendo mkono. Akamburuta mpaka alipo Marko, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake na kuuweka kando ya uso wa baba yake mdogo.

"Afande, tazama. Wewe ni mtu mzima. Wanafanana, hawafanani?"

Wanafanana. Wana paji moja la uso, la Bibi Agripina, ambalo Urbano mwenyewe analo, ila hana kioo mbele yake. Afande mkubwa akatazama uso mmoja, akatazama wa pili.

"Kwa kweli," akasema, "wanafanana."

Mpaka leo sijui kwa nini mtu mwenye akili hujibu swali kama lile.

Urbano alikaza vidole. Pendo akaanza kulia. "Baba, unaniumiza."

"Nani baba yako?"

"Baba, naumia!"

"Nani baba yako? Sema! Sema mbele ya serikali!"

Mkono wake wa pili ukainuka juu. Ulikuwa mkono uleule ulioshika mti, na ulikuwa umekunjwa ngumi. Mimi nilikuwa bado chini, mchanga mdomoni, nimemshika mguu wa suruali namvuta. Askari walikuwa wanamwendea, lakini walikwenda taratibu, kama watu wanaoona kuwa haya ni mambo ya mtu na nyumba yake.

Marko hakungoja. Aliinua mikono yote miwili na pingu zake, akazishusha usoni kwa kaka yake.

Mara moja tu. Urbano alimwachia mtoto, akarudi nyuma hatua mbili, kisigino kikakosa mchanga, akaanguka chali kwenye mawe yaliyo majini. Kichwa kilitangulia. Maji pale hayafiki hata magotini, lakini hakuinuka.

Mpaka dakika ile Marko alikuwa hajamdhuru mtu yeyote. Nilikuwa nimembebesha makosa mawili ambayo si yake, na nilipojaribu kuyaondoa nikamtafutia la tatu, na hili ni lake kabisa.

Askari mmoja alimlaza kifudifudi, goti mgongoni. Hakufurukuta. Mwingine aliingia majini na viatu vyake, akamgeuza mume wangu, akamwekea vidole shingoni. Akavitoa. Akaviweka mahali pengine, kisha akamtikisia mwenzake kichwa.

Nilitambaa kuwaendea, sikujua niende kwa yupi. Marko alinitazama kutoka pale mchangani, shavu limebanwa chini.

"Shemeji," akasema, "umesema maksai wako kwa nani?"